Virusi vya Adeno katika Vipanya wa Maabara: Maelezo ya Maradhi na ya Maneno Yake

Miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo wafugwao kwa ajili ya uchunguzi wa kitaalamu, hapana atumiwaye zaidi ya yule panya mdogo wa nyumbani ambaye wanazuolojia humwita Mus musculus. Dawa na chanjo nyingi hujaribiwa kwake kabla hazijajaribiwa kwa binadamu, na matokeo ya majaribio hayo hukubaliwa kwa sharti moja kubwa: kwamba mnyama yule alikuwa mzima siku alipoingizwa katika jaribio. Mnyama mwenye maradhi ya siri ni shahidi wa uwongo. Hasemi neno, wala pengine haonyeshi dalili, lakini damu yake, matumbo yake na ubongo wake hutoa habari za ugonjwa badala ya kutoa habari za dawa.

Virusi vya adeno ni mojawapo ya maradhi hayo ya siri. Makala haya yakusudia kueleza tabia zake katika wanyama wa maabara, na pamoja na hayo kuyapima maneno ya Kiswahili yahitajiwayo katika kuyaeleza. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Habari ya virusi hivi tangu mwaka 1960 ni habari ya vitu vilivyodhaniwa kuwa kimoja, kisha vikatambulika kuwa viwili na zaidi. Na palipo na tofauti ya vitu ambayo uhai na mauti hutegemea, hapana budi pawe na tofauti ya maneno.

Jina la mnyama

Neno panya katika Kiswahili ni pana mno. Hukusanya, kwa uchache, wanyama watatu wasiofanana. Wa kwanza ni huyo Mus musculus, ambaye akikomaa huwa na uzito wa gramu 20 hadi 30 tu. Wa pili ni Rattus norvegicus, afugwaye pia katika maabara, ambaye dume lake huweza kupita gramu 400. Wa tatu ni buku, au panya buku, ambaye uzito wake hukaribia au hupita kilo moja, na ambaye si wa jamaa moja na hao wawili. Huyo ndiye afundishwaye mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Msomaji wa gazeti akutanaye na maneno “panya wa wataalamu” hana njia ya kujua ni yupi kati ya hao watatu.

Waandishi wengi hujaribu kuliondoa tatizo hili kwa kusema “panya mdogo” na “panya mkubwa”. Katika mazungumzo ya kawaida yatosha. Katika jambo hili la virusi vya adeno haitoshi hata kidogo, kwa sababu umri wa mnyama ni sehemu ya maradhi yenyewe. Mnyama anyonyaye hufa. Aliyekomaa aghalabu hupona. Basi mtu akiandika kwamba “panya wadogo hufa kwa virusi hivi”, sentensi yake yabeba maana mbili, moja ya jinsi ya mnyama na moja ya umri wake, na msomaji hawezi kujua ipi iliyokusudiwa.

Kwa hiyo katika makala haya Mus musculus ataitwa kipanya, na wingi wake vipanya. Jina panya litaachiwa Rattus, na buku atabaki buku. Umri utaonyeshwa kwa maneno mengine, yaani wanyonyao au wachanga kwa upande mmoja, na waliokomaa kwa upande wa pili. Yaweza kusemwa kwamba kiambishi ki- chaleta wazo la udogo au la dharau, na kwamba katika miji ya pwani vipanya yalikuwa pia magari madogo ya abiria. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa. Neno kipepeo lina ki- ile ile wala hakuna asikiaye humo dharau yoyote. Na upatanisho wa kiumbe hai, kama katika “kipanya huyu amekufa”, huwatenga wanyama na magari mara moja.

Jina la kirusi

Neno virusi liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na asili yake ni Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya sumu au utomvu wenye kudhuru. Katika asili hiyo silabi ya kwanza si kiambishi cha wingi. Lakini sikio la Mswahili lilipoisikia vi- hiyo liliiweka mahali pake katika ngeli, likazaa umoja kirusi, kama vile neno la Kiarabu lenye ki- mwanzoni lilivyozaa kitabu na vitabu. Hilo si kosa la kusahihishwa. Ni lugha kufanya kazi yake, na faida yake yaonekana hapa hapa: twapata kirusi kimoja, aina mbili za virusi, na kirusi hiki dhidi ya kirusi kile, bila ya shida.

Faida hiyo hupotea mara jina la kundi linapoandikwa kwa neno moja, adenovirusi. Hapo vi- imefungiwa katikati ya neno, haiwezi tena kubadilika kuwa ki-, na umoja na wingi hufanana. Kutamka kirusi cha adeno na virusi vya adeno ni bora, kwa maana kiambishi hubaki huru mwanzoni.

Je, adeno nayo ifasiriwe? Neno hilo latokana na Kigiriki, na maana yake ni tezi. Katika mwaka 1953 Wallace Rowe na wenzake, huko Marekani, waliziotesha katika vyupa vya maabara nyama za tezi za kooni zilizokatwa watoto kwa upasuaji. Baada ya siku kadhaa nyama hizo zilianza kuharibika zenyewe, na ikadhihirika kwamba ndani yake mlikuwamo virusi vilivyojificha. Jina la kundi lilikubaliwa mwaka 1956 kwa kukumbuka mahali hapo pa asili. Lakini leo zajulikana aina zaidi ya 100 za virusi vya adeno vya binadamu, na nyingi hukaa machoni, mapafuni au matumboni. Vile vya vipanya hukaa katika mishipa ya damu na katika utumbo. Kuviita “virusi vya tezi” kungekuwa kumpoteza msomaji kwa uaminifu uliozidi kwa Kigiriki. Adeno ibaki jina tu.

Umbo na maumbile

Kirusi cha adeno ni chombo kidogo sana, chenye upana wa karibu nanomita 90. Virusi zaidi ya 10,000 vikipangwa mstari mmoja hutimiza milimita moja. Gamba lake lina nyuso ishirini za pembetatu, nalo limejengwa kwa mafungu 252 ya protini. Mafungu 240 hufunika nyuso na kingo, na 12 hukaa katika pembe, moja kwa kila pembe. Kutoka katika kila pembe huchomoza uzi, au nyuzi, za protini, ambazo kwazo kirusi hujishika katika chembe hai, au seli kama ziitwavyo siku hizi. Ndani ya gamba imo DNA yenye nyuzi mbili, ambayo ndiyo maagizo ya kujizalisha.

Kirusi hiki hakina utando wa mafuta juu ya gamba lake. Kwa sababu hiyo dawa ziyeyushazo mafuta, kama etha na klorofomu, hazikiui, nacho huweza kukaa katika kizimba, katika matandiko na katika vyombo baada ya mnyama mgonjwa kuondolewa. Hili ni jambo la kukumbukwa na kila asimamiaye nyumba ya vipanya.

Tabia nyingine ya kundi zima ni kwamba kila aina hushikamana na mnyama wake. Virusi vya adeno vya binadamu havizaliani ipasavyo katika mwili wa kipanya. Wala virusi vya vipanya havijulikani kuwapata binadamu. Hivyo mtaalamu atakaye kuona mwendo kamili wa maradhi ya adeno ndani ya mwili mzima, tangu kuambukiza hadi kupona au kufa, hulazimika kukitumia kirusi cha kipanya ndani ya kipanya. Kwa hiyo kirusi hicho hicho ni adui katika nyumba ya wanyama na msaidizi katika chumba cha uchunguzi.

Virusi viwili vilivyoitwa kimoja

Katika mwaka 1960 Janet Hartley na Wallace Rowe walitangaza habari za kirusi kipya cha vipanya. Hawakukitafuta. Walikuwa wakishughulika na kirusi kingine, kile kilichoelezwa na Charlotte Friend mwaka 1957, ambacho huleta saratani ya damu katika vipanya. Katika seli za vipanya walizoziotesha, kikatokea kisichotarajiwa chenye tabia za kundi la adeno. Kikapewa alama FL, ambayo yakumbusha saratani ile ya Friend. Huo ndio mwanzo wa elimu hii, nao ni onyo pia: kirusi kiliingia katika kazi ya watu kwa siri, kikiwa kimechanganyika na kile walichokusudia kukichungua.

Katika mwaka 1966 wataalamu wa Japani, Hashimoto na wenzake, walipata kirusi kingine cha adeno katika kinyesi cha kipanya aliyeonekana mzima. Hiki kilipewa alama K87. Kwa muda vyote viwili viliitwa virusi vya adeno vya vipanya, kana kwamba ni namna mbili za kitu kimoja. Kadiri vilivyochunguzwa ndivyo vilivyozidi kuachana. Cha kwanza kina DNA yenye jozi karibu 31,000 za herufi za urithi. Cha pili kina jozi karibu 35,000. Leo vyahesabiwa kuwa spishi mbili mbalimbali, navyo huitwa cha kwanza na cha pili. Katika mwaka 2009 kilielezwa cha tatu, kilichopatikana Slovakia katika mnyama wa mashamba aitwaye Apodemus agrarius, nacho hupendelea moyo. Huyo Apodemus si kipanya wa maabara, ijapokuwa kwa Kiswahili cha kawaida naye angeitwa panya tu.

Maradhi yenyewe

Kirusi cha kwanza huenea mwilini mwote. Huingia katika seli zitandazo upande wa ndani wa mishipa ya damu, na katika zile seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni. Katika vipanya wanyonyao maradhi huwa makali na aghalabu huua. Katika waliokomaa matokeo hutegemea mambo mawili, kipimo cha virusi na ukoo wa mnyama.

Neno ukoo lahitaji maelezo. Vipanya wa maabara huzalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi visivyopungua 20, hata wote wa ukoo mmoja hukaribia kufanana kwa urithi kama mapacha. Kila ukoo una jina lake. Katika mwaka 1995 ilitangazwa kwamba kirusi cha kwanza huwaua vipanya waliokomaa wa ukoo wa C57BL/6 kwa maradhi ya ubongo yenye kuvuja damu, ilhali wa ukoo wa BALB/c huokoka. Wanaougua husimamisha manyoya, hujikunja mgongo, hutetemeka, huyumba na mwisho hupooza. Ukuta uzuiao vitu vya damu visipenye ubongoni hulegea. Ukoo mwingine, SJL, ni dhaifu vilevile. Na kwa kuwazalisha SJL pamoja na BALB/c wataalamu waliweza, katika mwaka 2005, kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya udhaifu huo hutokana na mahali pamoja katika kromosomu ya 15.

Yafaa hapa neno ukoo litumike kwa wanyama tu, na neno aina kwa virusi. Waandishi wakisema “aina” kwa vyote viwili, sentensi kama “aina hii huishinda aina ile” haitafahamika ni mnyama aliyekishinda kirusi au ni kirusi kilichomshinda mnyama.

Ulinzi wa mwili nao una pande mbili. Vipanya waliokosa seli za B, ambazo hutengeneza kingamwili, hushindwa mapema na virusi hutapakaa. Vipanya waliokosa seli za T hawaonyeshi haraka uharibifu ule wa ubongo, lakini baada ya wiki kadhaa hufa kwa kuwa virusi havikuondolewa. Maana yake ni kwamba sehemu ya ugonjwa hufanywa na seli za T zenyewe katika kupigana. Ulinzi huo ni kama msumeno, hukata mbele na nyuma. Hata akiokoka, kipanya hakuachana na kirusi: hubaki katika figo, na chaweza kutoka katika mkojo kwa muda wa hata miaka miwili, ambao kwa kipanya ni karibu umri mzima. Hivyo mnyama mmoja aonekanaye mzima huweza kuwa chemchemi ya maambukizo kwa wengine siku zote za maisha yake.

Kirusi cha pili kina mwendo mwingine kabisa. Makao yake ni seli za juu za utumbo mwembamba, na njia yake ya kutoka ni kinyesi. Mtaalamu wa hadubini hukitambua kwa vivimbe vionekanavyo ndani ya viini vya seli hizo. Vipanya waliokomaa kwa kawaida hawaonyeshi dalili yoyote. Wachanga huweza kudumaa. Mwenye ulinzi kamili hukitoa kirusi kwa wiki chache kisha humaliza. Aliyezaliwa bila ya tezi ya thaimasi, ambamo seli za T hukomaa, huendelea kukitoa kwa miezi mingi.

Kipimo na hasara yake

Kwa kuwa dalili ni chache, virusi hivi hutafutwa kwa kupima damu. Kipimo hutumia protini za kirusi kijulikanacho, na kuangalia kama damu ya kipanya ina kingamwili zinazozishika. Hapo ndipo mkanganyo wa jina ulipoleta hasara ya kweli. Kingamwili za virusi hivi viwili hazishikani kwa usawa na protini za mwenzake. Maabara iliyotumia protini za kirusi cha kwanza peke yake, ikiamini kwamba inatafuta “kirusi cha adeno cha vipanya”, iliweza kuandika kwamba nyumba yake ni safi hali kirusi cha pili kilikuwa kikizunguka humo. Kipimo hakikuwa kibovu. Kilijibu swali kililoulizwa, ila swali lenyewe lilikuwa na neno moja mahali pa mawili. Kwa sababu hiyo ikaja kushauriwa kwamba vipimo viwe na protini za virusi vyote viwili, na siku hizi vipimo vya kutafuta DNA yenyewe vyaweza kubainisha kilichopo.

Siku hizi maambukizo haya ni nadra katika nyumba za vipanya zenye usimamizi mzuri. Nyumba ikiambukizwa, njia thabiti ni kuanza upya: mimba changa huchukuliwa kwa mama wa ukoo utakiwao, hupandikizwa katika kipanya safi, na watoto hulelewa katika vizimba vyenye vichujio vya hewa. Ni kazi ya gharama, hasa kwa ukoo usiopatikana kwingine.

Neno moja zaidi

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki jina la virusi vya adeno halikufika kwa njia ya vipanya bali kwa njia ya chanjo. Katika mwaka 2021 chanjo za UVIKO-19 zilizoletwa Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwamo zile za AstraZeneca, iliyotengenezwa kwa kirusi cha adeno cha sokwe, na za Johnson & Johnson, iliyotengenezwa kwa kirusi cha adeno cha binadamu cha aina ya 26. Katika zote mbili kirusi kilikuwa kimeondolewa uwezo wa kuzaliana, kikafanywa mchukuzi tu wa maagizo ya protini moja ya kirusi cha korona. Zote mbili zilijaribiwa kwa vipanya kabla ya kujaribiwa kwa watu.

Watu walipouliza ni chanjo gani, jibu jepesi lilikuwa “chanjo ya virusi vya adeno”. Lakini -a ya uhusiano katika Kiswahili haichagui. Chanjo ya surua ni chanjo izuiayo surua. Basi chanjo ya virusi vya adeno, kwa kipimo hicho, ingekuwa chanjo izuiayo virusi vya adeno. Na chanjo kama hiyo ipo: askari wapya wa Marekani hupewa vidonge vya kuwakinga na aina ya 4 na ya 7. Msikilizaji mwingine angeweza kufahamu kinyume, kwamba anatiwa virusi mwilini ili augue. Shaka ya namna hiyo haiondolewi kwa kumkemea mwenye shaka. Huondolewa kwa kusema chanjo dhidi ya virusi vya adeno pale vinapozuiwa, na chanjo ichukuliwayo na kirusi cha adeno pale kirusi kinapotumiwa kama mchukuzi.

Kwa muhtasari, maneno yahitajiwayo si mengi wala si mageni: kipanya na panya, mchanga na aliyekomaa, ukoo na aina, kirusi na virusi, cha kwanza na cha pili, dhidi ya na ichukuliwayo na. Kiswahili kinayo yote tangu zamani. Kilichobaki ni kuyashika kila neno mahali pake, na kuanza kufanya hivyo katika vitabu vya shule na katika matangazo ya afya, kabla mazoea ya kuyachanganya hayajawa magumu kuondoa.